Maji ya Kumfunika Mtu

Maji yaleyale yaliyokuwa yanatubeba ndiyo yaliyokuwa yanampanda Shaame. Naanzia hapo, kwa sababu nikianzia pengine nitajidanganya. Kila shibiri iliyoongezeka chini ya kidau chetu iliongezeka pia kifuani mwa mume wangu, huko juu mwisho wa hori, mkono mwembamba wa bahari, alikopigishwa magoti juu ya jiwe katikati ya bandari. Bila maji hatufiki. Maji yakizidi, tunafika kuchukua maiti. Basi nilikaa nyuma ya kidau, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kamba ya tanga, nikiyaomba maji yaje na nikiyaomba yasije, kwa pumzi moja. Sijui kama kuna dua ya namna hiyo katika dini yoyote. Kama ipo, nilikuwa naisoma vibaya.

Mbele alikaa wifi yangu Mize, dada wa Shaame tumbo moja, ameshika upondo. Tangu tulipoingia mdomo wa hori alikuwa hajanisemesha ila kwa neno mojamoja: kushoto, kulia, tope. Mize na mimi hatupendani. Siku ya harusi yangu alisema kaka yake ameoa mdomo, nami nikamjibu kuwa afadhali mdomo kuliko jicho linalokwenda harusini kukagua sahani za watu. Tumeendelea hivyo miaka yote, kila mtu akilinda mpaka wake, na Shaame katikati akila wali wake kimya. Sasa katikati yetu palikuwa na ubao mtupu wa kukalia, na kila aliyeutazama alijifanya anatazama maji.

Lazima nieleze Kipimo ni nini, maana watu wa nchi nyingine wakilisikia neno hilo hudhani ni fimbo. Kwetu Kipimo ni mtu. Kila mwaka, siku ya bamvua kubwa, maji yanapojaa kuliko siku zote, Ngome inayotutawala humsimamisha mtu juu ya Jiwe. Maji yakimfunika, mbiu hupigwa, na mji huambiwa kwamba bandari bado ina kina, bado ina neema, na vyombo vikubwa vinakuja. Zamani, wanasema, ulikuwa mchezo tu. Alisimamishwa mwanamume mrefu kuliko wote, maji yakampita utosi, akaogelea mpaka kwenye ngazi za Ngome akavishwa kanzu mpya. Kisha hori likaanza kujaa tope. Hapakuwa na mkosaji. Mito hubeba tope, ndiyo kazi yake. Mwaka mmoja maji yakamfika mrefu yule kidevuni yakagoma. Ngome ilikuwa na njia mbili: kusema bandari imepungua, au kutafuta mtu mfupi. Wakatafuta mtu mfupi. Mwaka uliofuata wakatafuta mfupi kuliko huyo. Walipoishiwa na wafupi wakagundua goti. Nasema waligundua, maana tangu Adamu binadamu alikuwa na magoti na hakujua kwamba yanaweza kuongeza kina cha bahari.

Mwaka jana Kipimo alikuwa Faki, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alipiga magoti na maji yakamfika kifuani, yakatulia. Watu walikuwa ukutani juani, wamechoka, wanataka kwenda kula. Mbiu haikulia. Faki akawatazama wale watu, akawatazama wakuu wa Ngome, kisha akainamisha kichwa mwenyewe ndani ya maji. Mbiu ikalia. Hakuinua kichwa tena. Watu walirudi makwao wakisema Faki alikuwa mtu mwenye adabu, na nguo alizokuwa hajazimaliza zikagawiwa mafundi wengine.

Ninalijua jambo hili vizuri kwa sababu nilikuwa ukutani. Na mimi nilikuwa na njaa.

Kosa la Shaame lilikuwa la rangi. Kazi yake ilikuwa kutunza vigingi vilivyochomekwa kando ya hori, vyenye alama za kuonyesha kina. Alama zile zote zilikuwa za uongo, zimezidishiwa shibiri moja kwa amri ya Ngome. Na wote tulijua. Kila nahodha, kila mwanamke aendaye kuokota chaza, akisoma kigingi hutoa shibiri moja kichwani, tunaita kupunguza ya Ngome. Mtoto wa kwetu hufundishwa kupunguza kabla hajafundishwa kunawa. Hakuna aliyezama kwa uongo huo na hakuna aliyelalamika. Asubuhi moja Shaame alitoka na kopo la rangi na brashi, akapita kigingi hadi kigingi akizirudisha alama mahali pake pa kweli. Nilipomuuliza alichokuwa anatafuta, alisema zilikuwa zimemchosha macho. Si shujaa mume wangu. Ni mtu ambaye picha ikipinda ukutani hawezi kula mpaka ainyooshe. Walimchukua kabla rangi haijakauka vizuri, wakamtangaza kuwa Kipimo wa mwaka huu, na siku aliyoruhusiwa kuagana nami aliniambia nisiwe na wasiwasi: amepima, anajua magoti yake na anajua bamvua la mwaka huu, kubwa kuliko la mwaka jana, maji yatamfika chini ya pua yatasimama. Ngome wenyewe watauonyesha mji kwamba siku ya maji makubwa kuliko yote mtu aliyepiga magoti hafunikwi. Aliyasema hayo kwa furaha, akinishika kidole. Nilitaka kumpiga kofi.

Sikuwa na nia ya kungoja kipimo chake cha chini ya pua. Nilikuwa nakwenda kumchukua.

Hori lile lina kona nyingi kuliko maneno ya mdaiwa. Upande mmoja upepo unajaza tanga, ukikata kona tanga linalegea na kupigapiga mlingoti, na mikoko pande zote inakutazama bila kusema. Mtu asiyejua angesema tukaze mwendo. Lakini chombo kinachoingia hori na maji kujaa hakiwezi kuyatangulia maji. Kila tulipopata upepo mzuri kidau kilikimbia, kikalipita lile wimbi jembamba la maji yanayopanda, kikagusa tope, na Mize akaegemea upondo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikanibidi nilegeze kamba, tanga lipumue, tuyasubiri maji yatupite mbele kama mjumbe. Hakuna mateso kama kuwa na upepo na kuumwaga. Niliogopa sana wakati ule. Niliogopa mpaka nikawa nawachukia samaki wadogo walioruka mbele yetu, kwa kuwa wao walikwenda walikotaka.

Na saa za hori si saa za nchi kavu. Sijui nilisemeje hili ili nisionekane mzushi. Kwenye kona moja Mize aligeuka kuniambia nishike kulia, na uso wake ulikuwa wa msichana yule aliyesimama mlangoni mwetu siku ya harusi, wanja umemchuruzika kwa kulia. Kona ya pili aligeuka akiwa bibi, midomo imeingia ndani. Nikatazama mikono yangu kwenye usukani, sikuijua. Maji yakipanda hori hubeba kila kitu kinachoelea, na miaka ni myepesi. Nikajiambia: shika usukani tu, mikono yoyote uliyopewa itafaa.

Kisha tukawaona wale wawili. Kidau kingine kilikuwa kimepwelewa juu ya fungu, kimelala ubavu, ingawa maji yalijaa kila upande wake. Ndani wamekaa wanawake wawili vikongwe, mmoja nyuma ameshika usukani, mmoja mbele ameshika upondo. Aliye nyuma amejifunga leso kama yangu, yenye maandishi yaleyale, ila imefifia mpaka imekuwa rangi ya ukungu. Walikuwa wanazungumza taratibu. Aliye mbele alisema maji sasa nadhani yanatosha. Aliye nyuma akasema bado kidogo. Nikamuuliza Mize kama anawajua.

"Tia macho mbele, wifi," akasema.

Hakugeuka kusema hivyo. Nami sikuuliza tena, kwa sababu mtu haulizi jina lake mwenyewe.

Tukafika kizingitini. Hapo ndipo hori linapoishia na bandari inapoanzia: mgongo wa makombe yaliyosagika na kushikana, mgumu, unaokata. Ukiupita umeingia. Ukikwama juu yake wakati maji yanajaa, mkondo unakigeuza chombo ubavu na kukipindua. Kidau chetu kinazama kiasi cha goti. Kando ya kizingiti kimesimama kigingi cha mwisho, na alama yake ilisema, bila shaka yoyote, goti na shibiri.

Nikatoa shibiri.

Sikukusudia. Hakuna mtu anayekusudia kupunguza, kama vile hakuna anayekusudia kupepesa jicho. Goti na shibiri, toa ya Ngome, linabaki goti tupu, nalo halitupitishi. Nikamwambia Mize achomeke upondo atushikie, tusubiri.

Mize akasema alama ile kaipaka kaka yake. Nikamwambia najua. Akasema kama unajua, twende. Nikamuuliza: na kama wameipaka upya baada ya kumchukua? Alikitazama kigingi, rangi ilikuwa mpya, lakini ya nani? Upondo haukuweza kutusaidia. Tulipokuwa palikuwa na tope linalomeza mti bila kukwambia maji yanaishia wapi, na kizingiti kilikuwa mbele yetu, mbali na ncha yake. Palikuwa na alama moja tu ya mume wangu, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilikuwa nimekaa nikiifikiria kama mtu anayefikiria noti iliyochakaa.

Nimelitafakari sana hili. Ngome haikuwahi kututaka tuziamini alama zake. Ilitosha kutuzoesha kupunguza, na aliyezoea kupunguza hampunguzii Ngome peke yake. Anampunguzia muuza nazi, anampunguzia imamu, anampunguzia mama yake akisema anaumwa. Akiambiwa nakupenda, anatoa shibiri. Akisikia mayowe ya moto, anatoa shibiri, anavaa viatu polepole. Nilijua, kwa akili yangu timamu, kwamba mtu mmoja katika nchi nzima ametoka asubuhi na brashi akaandika kina cha kweli, na kwa ajili hiyo amewekwa majini. Nilijua, nikakaa. Kama maji yangekuwa na macho yangenitazama kwa aibu.

Tukasubiri. Maji yalipanda kigingini bila haraka. Kwa mbali, kutoka ndani, tulisikia watu wa ukutani wakipiga makofi ya kupoteza muda, jinsi wanavyofanya kila mwaka. Niliyahesabu makofi yale kwenye mwili wa Shaame: sasa kwapani, sasa begani. Nikasema bado kidogo. Nilijisikia nikisema hivyo, neno la yule kikongwe.

Mize alisikia pia. Aliutupa upondo kidauni, akaruka majini na leso yake, akaogelea mpaka juu ya kizingiti, akasimama. Maji yalimfika juu ya paja, kama kigingi kilivyosomeka wakati ule. Alibaki amesimama pale akinitazama, na mguuni damu ilimtoka, makombe yalikuwa yamemkata, ikapanda juu ya maji na kuelekea bandarini mbele yetu. Alama ilikuwa ya kweli. Tungeweza kupita tangu tulipofika.

"Ulikuwa unamsubiri nani?" akaniuliza.

Alishika pua ya kidau akakivuta mwenyewe, nami nikakaza kamba, na tukapita juu ya kizingiti bila hata kukigusa, yeye akapanda upande wa pili.

Bandari ilikuwa pana, tambarare, inametameta. Ukuta wa Ngome ulizunguka pande zote isipokuwa ule tuliotokea, na ukutani watu walikuwa wamejaa, na miavuli, na bakuli za mbaazi na mandazi. Ni adabu ya bandari ile kwamba chombo hushusha tanga mbele ya Ngome. Nilikuwa nimeapa sitashusha. Mkono wangu ukashusha. Kidau kikapoteza mwendo, na tukalazimika kwenda kwa upondo, polepole, mbele ya watu wote. Askari wa ngazini walitutazama wakatazamana. Sheria haikukataza chombo kuingia siku ya Kipimo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuja, basi hawakuwa na la kutufanya.

Shaame alikuwa juu ya Jiwe. Hakufungwa kamba. Sijui kwa nini nilitegemea kamba. Alikuwa amepiga magoti kwa nafsi yake, mgongo umenyooka, mikono mapajani chini ya maji, na maji yalikuwa yamekwisha kumfunika mdomo. Masikio yalikuwa nusu ndani. Macho yake yalikuwa wazi na yalitulia. Mize akatupa upondo kidauni akainama kumshika kwapa, na mimi nimeshamkamata ukosi wa shati. Hapo akatoa mkono majini, kiganja wazi, akatuzuia.

Nilielewa mara moja. Alikuwa anatuomba tungoje. Maji yalikuwa bado yanajaa, nafasi iliyobaki kati yake na pua ilikuwa ya kidole, na yeye alikuwa amepima. Kama tungemtoa sasa, angekuwa mtu aliyetoroka na wanawake, na mwakani angetafutwa mwingine wa kuketi, na mwaka wa pili yake mwingine wa kulala. Kama tungemwacha, na kipimo chake kikawa sahihi, mji mzima ungeona kwa macho yake. Yote hayo yalikuwa katika kiganja kile. Mize alikuwa ananivuta leso, akilia sasa waziwazi, akiniambia mshike, wifi, mshike, kaka yangu anakufa. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeshamtilia shaka mtu huyu mara moja siku ileile, na shaka yangu ilikuwa imemgharimu pumzi zote zile. Ningempunguzia tena? Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na mapenzi yale yakaniamrisha jambo la kutisha. Nikamwachia ukosi.

Nikamkumbatia Mize kwa mikono yote miwili ili asimguse. Alinipiga, aliniuma begani. Nilimkaza.

Kidole kikawa nusu kidole. Jani la mkoko lilikuwa linaelea karibu na shavu lake, likiingizwa ndani na mkondo polepole. Nililitazama jani lile kama sijawahi kutazama kitu. Maji yakamgusa chini ya pua. Akainua kidevu kidogo sana, si kwa kudanganya, ni mwili tu ulivyotaka, kisha akakirudisha mahali pake, mjinga wangu mwaminifu. Akatoa pumzi na maji yakafanya kishimo mbele ya pua yake. Akavuta. Akatoa. Ukutani makofi yalikuwa yamekoma. Jani likasimama.

Maji yakasimama.

Sitaki kusimulia kwa haraka. Bamvua kubwa kuliko yote lilikuwa limefika mwisho wake, na mtu aliyepiga magoti alikuwa anapumua. Kila mtu mwenye macho aliona. Niliwaona wakiona: mwanamke mmoja alishusha mwavuli, mwanamume mmoja aliacha kutafuna. Jani likaanza kurudi, kwanza kwa kusitasita, kisha likashika njia ya kutoka. Maji yalikuwa yanakupwa. Nilimwachia Mize nikaanza kucheka, na nikasema alhamdulillahi, na nikamwambia Shaame inuka, inuka sasa, umewashinda.

Mbiu ikalia.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hii ililia ndefu, ikapiga ukutani ikarudi. Mpiga mbiu akasema kwa sauti yake ya kila mwaka: "Amefunikwa."

Nilidhani nitasikia mtu mmoja akisema hapana. Mtu mmoja tu, hata mlevi. Kisha vigelegele vikaanza, upande wa wanawake kwanza, vikazunguka ukuta wote.

Shaame akainuka. Alisimama juu ya Jiwe mbele yao, mrefu alivyo, maji kiunoni, yakimchuruzika ndevuni, na vigelegele vikaendelea. Walikuwa wanamtazama. Nataka ieleweke kwamba walikuwa wanamtazama. Lakini walimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyesimama mbele ya kitu unachokitafuta. Tukamvuta ndani ya kidau akaketi kwenye ule ubao mtupu. Alitetemeka. Mize akamvisha leso yake mbichi mabegani akamsugua mikono, akimwita kaka, kaka, kaka. Shaame alisafisha sikio kwa kidole, akainamisha kichwa maji yatoke.

Akauliza, "Wanasema nani amefunikwa?"

"Wewe," Mize akamjibu. "Wapuuzi hawa. Wewe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya mbali. Kisha akavitazama vigingi vya bandarini, akayatazama maji, akatazama watu. Niliona anafanya hesabu. Upande mmoja palikuwa na yeye, mmoja, na kipimo chake. Upande wa pili palikuwa na kila mtu aliyewahi kumjua. Nilimshika uso nikamwambia uko hapa, nimekuona, maji yalisimama chini ya pua yako kama ulivyosema. Alinisikiliza kwa makini sana. Hakuwahi kunisikiliza kwa makini namna ile tangu tuoane, na ndipo nilipoogopa upya, maana mume hamsikilizi mkewe hivyo. Ndivyo anavyosikilizwa mgeni.

Walishuka wanawake watatu kwenye ngazi, wakaingia majini na nguo zao, mmoja akiwa amebeba kichwani shuka nyeupe iliyokunjwa. Nikaijua. Ni ya kukalia eda. Walifika kwenye kidau, maji yakiwa yamewafika mapajani, wakashika ukingo. Mkubwa wao alikuwa na sura nzuri, sura ya mtu aliyezika wengi.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Shuka tukakukalishe."

"Mume wangu huyu hapa," nikasema.

"Ndiyo, mama. Siku za kwanza ndivyo inavyokuwa."

Aliweka shuka kwenye mapaja yangu. Kwa upole. Niseme kweli: ilikuwa laini na yenye joto la jua, na nilikuwa nimechoka, na kwa muda mfupi niliiona kazi ya kuwa mjane kuwa nyepesi kuliko kazi ya kuwa shahidi. Mjane analishwa. Mjane haulizwi. Kidau kilikuwa kimeanza kugusa chini. Tukichelewa kidogo maji yangetuacha pale, na tukiachwa pale ningepandishwa ngazi zile. Ni Mize aliyeinyakua shuka ile kutoka mapajani mwangu. Yeye aliyeniita mdomo alisimama kidauni miguu imepanuka, mguu mmoja bado unavuja damu, akawaelekea wale wa majini na wale wa ukutani wote.

"Hatukai eda bila maiti," akasema. "Mnasema kaka yangu amekufa. Haya. Nionyesheni maiti yake."

Lilikuwa neno zuri. Mpaka leo nasema lilikuwa neno zuri, na kwamba mtu mwenye akili zake asingepata jingine. Wanawake watatu wakatazamana. Mkubwa wao akasema ni kweli, mtu azikwe. Neno likapanda ngazi, likapita ukutani mdomo kwa mdomo, na nilimwona mpiga mbiu akimnong'oneza mkuu, na mkuu akinyanyua mabega. Sheria haikukataza. Mmoja akashuka, kisha watano, kisha mji mzima ukaingia bandarini na kanzu zake na mabuibui yake, kumtafuta mtu aliyezama.

Waliingia mpaka katikati na maji hayakumfunika yeyote. Yalikuwa yanakupwa upesi sasa. Wanaume waliyapita yakiwa magotini. Waliinama wakapapasa tope kwa viganja, wakaitana, huku, hapana huku. Walitembea juu ya sakafu ya bandari yao kutoka ukuta hadi ukuta, kina chake chote kikiwa kwenye nyayo zao, na hakuna aliyesema kitu kuhusu kina. Walikuwa na kazi. Nilimshika Mize mkono, naye hakuuondoa. Nikamwambia sasa ndiyo nafasi yetu, wote wameinama, tusukume kidau tukamate mkondo wa mwisho, nikageuka kumwambia Shaame achukue upondo.

Ubao ulikuwa mtupu. Leso ya Mize ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake.

Tulimwona karibu na Jiwe. Alikuwa amekunja suruali, ameinama pamoja na wengine, anapapasa tope kwa uangalifu, hatua kwa hatua, kwa utaratibu wake ule wa kutoacha mahali. Watu walikuwa wanamfuata, kwa kuwa alionekana kujua kazi. Mize alipiga kelele kaka, na wanaume wengi wakageuka, kila mmoja ni kaka wa mtu. Mimi niliruka nikakimbia, nikianguka, tope likinishika miguu, mpaka nikamfikia nikamshika bega. Nikamwita kwa jina lake.

Akainua uso. Ulikuwa uso wake wote, na pua yake na chumvi imekauka juu ya mdomo. Alinitazama kwa huruma kubwa, akanifuta tope shavuni kwa mgongo wa mkono.

"Pole, mama," akasema. "Bado hatujamwona. Lakini maji ni machache, tutampata."